Kigurudumu Nilichosahau Kukirudisha

Picha zangu zilikuwa ukutani... na jina lililoandikwa chini yake halikuwa langu!

Ndugu zangu, nilivua miwani. Nikaifuta kwa pindo la gauni. Nikaivaa tena.

Jina halikubadilika.

Tulikuwa darasa la jioni, lile la kupiga picha ninalosoma baada ya kazi. Mwalimu alikuwa amezima taa, anarusha kazi zetu ukutani kwa mashine yake inayounguruma kama friji bovu. Zoezi lilikuwa "Mikono Kazini". Na pale ukutani kulikuwa na mikono ya fundi viatu, uzi umekaza kwenye kidole, sindano bado iko hewani.

Mikono ile naijua. Nilipiga magoti kwenye vumbi ili niipate.

"Hii," Mwalimu akasema, "ndiyo kazi bora ya darasa zima. Hongera, Manukato!"

Watu wakapiga makofi.

Manukato ni shoga yangu, ingawa umri wake ni wa binti yangu wa kwanza. Tulimwita hivyo kwa sababu akiingia darasani, marashi yake yanaingia kwanza, yeye anafuata. Akasimama. Akainamisha kichwa kwa adabu.

"Asante, Mwalimu. Kwa kweli nilihangaika sana."

Alihangaika!

Nikanyoosha mkono.

"Mwalimu, samahani... hizo picha ni zangu."

Darasa zima likanigeukia.

Manukato akacheka, kicheko chake kile laini.

"Mama Pasi jamani! Umechoka, mama yangu. Zako zinakuja, tulia."

Zikaja. Jina langu liliwekwa chini ya mkono ulioshika kikombe, na nusu ya kikombe haipo. Nyingine ukungu mtupu. Mtu wa nyuma akasema, "Huo ni mkono au ni kiazi?" Wakacheka wote.

Sikuwahi kuziona zile picha maishani mwangu.

Mwalimu ni mtu wa haki, siwezi kumsema vibaya. Alifungua picha ya fundi viatu kwenye kompyuta yake, akaita kila mtu aone.

"Mama yangu, picha hubeba kumbukumbu ndani yake. Saa iliyopigwa, mwanga, hata jina la mwenye kamera kama aliliandika humo. Hii ina jina la Manukato. Na hizi zako zimepigwa kwa simu. Wewe bado hujanunua kamera, sivyo?"

"Sijanunua, Mwalimu. Ila yeye huniazima ya kwake..."

"Manukato, huwa unamwazima?"

"Aliishika siku moja tu, Mwalimu. Alikuwa ananisaidia kubeba."

Nikakaa chini.

Kama umewahi kusimama mbele ya watu ukisema kweli, na kweli yenyewe ikakosa pa kushika, basi unaujua uchovu ule. Unaanzia magotini, unapanda.

Sasa ngoja niwaeleze nilifikaje pale.

Mimi kazi yangu ni kupiga pasi. Nipo kwenye duka la dobi, chumba cha nyuma, kule kwenye mvuke. Mashati, mashuka, suti za watu wanaokwenda mahali. Nimesimama pale tangu binti yangu yuko mgongoni, na sasa binti yangu naye ana mtoto mgongoni. Miguu jioni inavimba mpaka viatu vinagoma kutoka. Mikono imezoea moto kiasi kwamba nikishika kikombe cha chai sijui kama kimepoa.

Shule niliacha mapema. Kwa hiyo nilipoona tangazo la darasa la jioni la kupiga picha, nilisali juu yake wiki nzima. Nikamwambia Mungu, kama si njia yangu, funga mlango. Mlango haukufungwa. Nikaingia, nikakaa mbele na daftari langu kama mtoto.

Na kulikuwa na kitu cha kupigania. Mwenye studio moja ya picha, mwanamke tunayemwita Mama Studio, alimwambia Mwalimu amtafutie mwanafunzi mmoja wa kumwajiri. Mmoja tu! Kupiga picha za vitambulisho, za watoto, za bidhaa za maduka. Kazi yenye kiti. Mnajua maana ya kazi yenye kiti kwa mtu kama mimi?

Atakayefanya vizuri kwenye "Mikono Kazini" ndiye ambaye jina lake lingepelekwa kwa Mama Studio.

Sasa hapo ndipo suala la kamera linapoingia. Simu yangu ni ya kupigia na kupokea, picha zake zinatoka kama zimepigwa kwenye moshi. Nilitaka kamera ya DSLR, zile za kubadilisha lenzi, ambazo ukichungulia kwenye kitundu chake unaona kile kile ambacho lenzi inakiona. Akiba nilikuwa nayo. Nilichokosa ni kujua ninunue ipi.

Nani wa kumuuliza? Shoga yangu, ambaye tayari anayo!

Tukaenda dukani pamoja, siku zangu za mapumziko, mara kwa mara.

Nikishika ndogo nyepesi, Manukato anasema, "Ya watoto hiyo, mama yangu. Utachekwa."

Nikishika kubwa, "Na hiyo mikono yako ya pasi? Itakuvunja kifundo."

Nikishika iliyokwishatumika, "Hiyo imepiga harusi zote za mji huu, imebakiza kupigwa yenyewe."

Nikipata ambayo haina kasoro, anashusha sauti, "Hii nzuri... ila subiri kidogo. Karibuni inatoka mpya. Ukinunua leo utajuta."

Muuzaji akachoka. "Mama, ukija tena njoo peke yako. Huyu mwenzako ananifungia duka."

Manukato akamcheka, akanishika mkono. "Ya nini haraka? Tumia yangu! Mimi na wewe ni kitu kimoja. Ila usimwambie Mwalimu, atasema unanitegemea."

Nikamwona malaika. Nikamwombea mpaka baraka kwa jina lake.

Halafu kulikuwa na jambo jingine, ambalo sikumwambia mtu. Kila kamera niliyoweka jichoni pale dukani ilikuwa na ukungu. Zote! Ndogo, kubwa, mpya, kuukuu. Miwani yangu inagonga kamera, kwa hiyo nilikuwa naivua, na nikiivua ulimwengu wote wa mle ndani unakuwa uji. Nikajua ndiyo basi, macho yanakwenda. Nikarudi kazini nikalia nyuma ya rundo la mashuka.

"Ee Mungu," nilisema, "umenipa hamu hii nikiwa sina tena macho?"

Jioni moja nikajikaza, nikamuuliza Mwalimu. Hakucheka. Akachukua kamera kuukuu ya darasa, akanionyesha kigurudumu kidogo sana pembeni ya kitundu cha kuchungulia. Kidogo kama kifungo cha shati. Watu wengi wana kamera miaka na hawajui kama kipo.

"Hiki, Mama Pasi, kinalinganisha kitundu na jicho lako. Vua miwani, chungulia, zungusha mpaka maandishi ya ndani yaonekane."

Nikazungusha. Nikazungusha mpaka mwisho wake kabisa, mpaka kikagoma.

Na ukungu ukaondoka!

Nilisema "Mungu wangu" kwa sauti, darasa zima likageuka. Mwalimu akawaeleza wote. Ila Manukato siku hiyo hakuja. Alikuwa na sherehe mahali.

Tangu hapo, nikiazima kamera yake nilikuwa nakipeleka kigurudumu mpaka mwisho, nafanya kazi yangu, kisha nakirudisha kilipokuwa. Ni adabu tu. Ukiazimwa gari la mtu, unarudisha kiti chake kilivyokuwa.

Siku ya fundi viatu tulikwenda wote. Mimi nilikuwa nimetoka zamu moja kwa moja. Manukato alikaa kwenye kiti cha wateja, anachati. Nilimwomba fundi asiinue kichwa, asahau kama nipo, na kweli alisahau. Nilipomaliza, nikamkabidhi shoga yangu kamera.

"Kadi ya picha niachie humo humo," akasema. "Wewe huna kompyuta. Nitampelekea Mwalimu zako na zangu."

"Mungu akubariki, mwanangu."

Hivyo ndivyo nilivyosema. Neno kwa neno.

Basi, mwisho wa lile darasa la aibu, Mwalimu akatangaza. Jumamosi mchana Mama Studio atakuja mwenyewe kumwona Manukato akifanya kazi uani, na darasa lote tuje tujifunze.

Nikamfuata Manukato mlangoni.

"Mwanangu, kwa nini?"

Akaangalia kucha zake. "Mama Pasi, jina lililomo ni la nani? Kamera ya nani?"

"Mkono wa nani?"

"Wewe una kazi tayari. Mimi sina. Usinifanye mbaya." Akaondoka, marashi yakabaki.

Nyumbani binti yangu alitaka kuvaa viatu tuende kwa fundi usiku huo huo.

"Tumlete awaambie!"

"Fundi hakuinua kichwa, mwanangu. Nilimwomba mimi. Atasema waliopita ni wanawake wawili, basi."

"Kwa hiyo unaacha hivi hivi?"

"Naacha. Nimechoka."

"Mama, tatizo lako hutaki kupigana!"

"Nipigane kwa silaha gani? Niambie. Kwa pasi?"

Akaleta beseni la maji ya moto na chumvi, akaniwekea miguu. Nikasali pale pale nikiwa nimekaa, kwa sababu magoti yalikuwa hayakubali. Sikuomba aaibike. Nitakuwa mwongo nikisema sikufikiria. Niliomba nguvu tu. Nguvu ya kwenda Jumamosi na kukaa kati ya wenzangu bila uso kunishuka.

Nguvu haikuja. Nilikwenda bila.

Jumamosi jua lilikuwa kali, lile la kupofusha. Tulikaa kwenye mabenchi ya uani, mimi mwisho kabisa, mgongo ukutani. Mama Studio ni mwanamke mfupi, sauti nzito, hana maneno mengi. Alimweka mlinzi wa shule kwenye kiti, mikono juu ya magoti.

"Haya, mdogo wangu. Mikono kama ile ya fundi viatu. Nipigie."

Manukato akainua kamera mbali na uso, akitaka kutumia kioo cha nyuma kama mtu anavyotumia simu. Jua likakijaza kioo chote. Haoni kitu. Akakikinga kwa kiganja. Haoni.

"Weka jichoni," Mama Studio akasema. "Kwa kioo cha nyuma hata simu inatosha."

Akaweka jichoni.

Akaitoa. Akapangusa lenzi. Akaweka tena.

"Samahani kidogo..."

Akaanza kubonyeza. Akazima ile sehemu ya kamera kujilenga yenyewe, akawa anazungusha lenzi kwa mkono akifuata anachokiona kitunduni, kushoto, kulia, kama mtu anayetafuta stesheni ya redio. Akapiga. Mama Studio akainama kivulini kuangalia.

"Ukungu," akasema.

Akapiga tena.

"Ukungu."

"Mwalimu, kamera imeharibika!" Sauti ya Manukato ilikuwa imepanda. "Ndani kote ni ukungu! Jana nilikuwa... ilikuwa nzima!"

Mwalimu akaja. Akachungulia.

"Kweli. Hata mimi naona ukungu."

Akaishusha kamera ili aikague. Nikamwona kidole chake kinapita pembeni ya kitundu... kikasimama.

Ndugu zangu, hapo ndipo nikakumbuka.

Siku ya fundi viatu. Zamu ndefu. Miguu inawaka. Nilimpa kamera yake nikaenda zangu kutafuta pa kukaa...

Sikukirudisha kigurudumu!

Mwalimu hakukigusa. Aliinua uso, akayapitia mabenchi polepole, mmoja mmoja, mpaka mwisho, mpaka ukutani.

"Mama Pasi. Njoo."

Nikaenda. Nilifikiri natembea, lakini binti mmoja wa darasani aliniambia baadaye kwamba nilikuwa naburuta viatu.

"Vua miwani. Angalia humo, uniambie unaona nini."

Nikavua. Nikaangalia.

Nilimwona mlinzi. Niliona mishipa ya mikono yake, kovu la kidole gumba, uzi uliochomoka kwenye mkono wa shati lake. Chini yake yale maandishi madogo, kila tarakimu imekaa sawasawa.

"Naona vizuri, Mwalimu."

"Vizuri kiasi gani?"

"Shati la mlinzi linataka kushonwa mkononi."

Mlinzi akakiangalia kile kiuzi. Hakuna aliyecheka.

Mwalimu akamgeukia Manukato. Hakupaza sauti, na nadhani hiyo ilikuwa mbaya zaidi.

"Kamera hii imewekwa kwa jicho la mtu mzima asiyeona karibu. Mpaka mwisho. Wewe macho yako ni mazima. Picha zile ulizipigaje na ukungu huu?"

Mwalimu akamnyooshea kamera.

"Kigurudumu hiki kinaitwaje? Kinafanya kazi gani?"

Manukato alikitazama kama anakiona kwa mara ya kwanza. Na kweli, ilikuwa mara ya kwanza.

Nilidhani nitafurahi. Watu wengine wakisimulia visa kama hivi wanasema moyo uliruka. Wangu haukuruka. Nilimwona msichana amesimama juani, poda inamtiririka, na nikatamani mtu ampe kiti.

Mama Studio akachukua kamera kutoka kwa Mwalimu, akanipa mimi.

"Nipigie mikono."

Nikapiga magoti. Yaliuma. Nikamwambia mlinzi asahau kama nipo.

Mama Studio aliangalia picha ile kivulini kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Mwezi ujao unaanza. Kiti kipo. Kamera uje na yako."

Nilipogeuka kumrudishia Manukato kamera yake, aliipokea bila kuniangalia, akaondoka. Hakurudi darasani tena.

Wiki iliyofuata nikaenda dukani. Peke yangu.

"Leo bila mwenzako?" muuzaji akauliza. "Mungu ni mkubwa!"

Nikamwambia anipe nafasi. Nikavua miwani. Nikachukua moja baada ya nyingine, nikaiweka jichoni, nikazungusha kigurudumu, nikaishika mpaka mkono useme. Ndogo ile aliyoiita ya watoto ilikuwa nzuri tu! Ile kubwa kweli ilikuwa nzito, lakini si ya kuvunja mtu. Yale maneno yote yalikuwa ya kunizungusha, nisipate yangu, nibaki na yake.

Kwenye rafu ya chini, kati ya zilizokwishatumika, nikachukua nyingine. Nikaweka jichoni.

Safi! Kila kitu safi, mpaka bei zilizoandikwa kwenye ukuta wa mbali.

Na sikuwa nimegusa kigurudumu.

Nikaishusha taratibu. Mkanda wake ulikuwa unanukia.

Nikaenda kwenye mipangilio, pale panapokaa jina la mwenye kamera. Nilijua nitakachokuta kabla sijakikuta.

"Hii aliileta nani?" nikauliza.

"Dada mmoja. Yule yule mwenzako wa kunifungia duka!" Muuzaji akajikuna kichwa. "Eh, nimekumbuka! Alisema mama wa miwani akija nimwonyeshe hii kwanza. Nikasahau. Na akanikataza nisiguse hicho kidude cha pembeni. Alisema kimewekwa kwa jicho lako."

Nikakaa kwenye kiti cha duka. Nililia kidogo, kwa uchovu zaidi kuliko kitu kingine.

Niliinunua. Mikono yangu ilikuwa inaijua tayari. Nikafuta jina lake, nikaandika langu, herufi moja moja, muuzaji ananisubiri.

Kesho naanza kazi yenye kiti.

Nililojifunza ni hili, na wewe unayetafuta kamera ya kwanza lichukue. Usichague kwa mdomo wa mtu, hasa mtu anayepata kitu kwa wewe kukosa. Ishike. Iweke jichoni mwako. Ukiona ukungu, usiseme macho yamekwisha. Tafuta kwanza kile kigurudumu. Na picha zako, peleka kwa mkono wako mwenyewe.

Lingine ni langu na Mungu wangu. Nilimwomba nguvu, hakunipa. Alitumia uchovu. Kama siku ile ningekuwa na nguvu, ningekirudisha kigurudumu, na leo ningekuwa kwenye mvuke.

Namba ya Manukato bado ninayo. Nimeifungua mara nyingi, naandika, nafuta. Sijui kama kamera ile ilikuwa msamaha anaouomba, au ni aibu tu alitaka itoke nyumbani kwake.

Ungekuwa wewe ungemwandikia nini?

Niambieni. Mimi leo naweka miguu kwenye maji kwanza, nasali, nalala.